Kupiga Miguu si Kutapatapa



Mama mmoja mkazi wa hapa Awindiri ameniletea swali ambalo nimeona lisiishie baina yetu sisi wawili. Anaye mtoto wa kiume wa darasa la sita, ambaye tangu likizo iliyopita hupelekwa kila Jumamosi katika bwawa la hoteli moja ya mjini Arua ili ajifunze kuogelea. Ada hulipwa mlangoni, na kwa mama anayeuza nyanya na vitunguu sokoni ada hiyo si fedha ndogo. Vijana wanaomfunza humwambia neno moja tu: "Piga miguu! Piga miguu kwa nguvu zako zote!" Mtoto hutii. Maji huruka juu kama mvua ya masika, lakini akifika mita kumi pumzi zimemwishia na miguu imekwisha zama. Mama anauliza: Je, mtoto huyu hana kipaji, aachishwe? Au nguvu zake ni haba, aongezewe chakula?

Jibu langu ni kwamba mtoto hana kasoro yoyote. Kasoro imo katika amri anayopewa. Wahenga walisema kwamba mfa maji haachi kutapatapa, na mtoto anayeambiwa apige miguu kwa nguvu zote bila ya kuonyeshwa namna hufundishwa kutapatapa kwa ada. Yafaa basi tueleze kwa utaratibu miguu hufanya kazi gani majini, ili mzazi anayekaa kando ya bwawa ajue kama fedha yake inanunua elimu au inanunua povu.

MTINDO HURU NI UPI

Katika mashindano ya kuogelea, mtindo huru maana yake ni kwamba mwogeleaji ana hiari ya kutumia njia aipendayo. Lakini kwa kuwa njia moja imeshinda nyingine zote kwa mwendo, karibu kila mtu huitumia hiyo hiyo: mwogeleaji hulala kifudifudi, mikono yake hupita juu ya maji kwa zamu, uso hugeuzwa kando ili kuvuta pumzi, na miguu hupanda na kushuka kwa zamu bila kukoma. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyoufahamu mtindo huru, na ndivyo tutakavyoutumia hapa.

Njia hii haikuzuka siku moja. Mwaka 1844 wenyeji wawili wa Amerika Kaskazini waliogelea mbele ya watazamaji mjini London, mikono yao ikizunguka juu ya maji na miguu ikipiga juu na chini. Waingereza, waliokuwa wamezoea kuogelea kwa utulivu kama chura, waliona jambo hilo kuwa ni makelele matupu. Mwaka 1873 Mwingereza mmoja, John Arthur Trudgen, alionyesha mtindo alioujifunza Amerika ya Kusini: mikono yote miwili ilipita juu ya maji, lakini miguu bado ilifunguka na kufumba kama mkasi. Mwendo ukaongezeka, ila kila mkasi ulipofunguka mwili ulikwama kidogo.

Mkasi huo ulianza kuachwa karibu na mwaka 1900 huko Australia, ambako kijana kutoka Visiwa vya Solomon, Alick Wickham, alionekana akiogelea kwa miguu iliyonyooka inayopanda na kushuka kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Jamaa ya akina Cavill wa Sydney waliusambaza mtindo huo. Kisha akaja Duke Kahanamoku wa Hawaii, aliyeshinda mita 100 katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 kwa miguu iliyopiga haraka, kwa kina kidogo, bila kupumzika. Miaka kumi baadaye, mwaka 1922, Johnny Weissmuller wa Marekani akawa mtu wa kwanza kuogelea mita 100 chini ya dakika moja, kwa sekunde 58.6.

Msomaji aone jambo moja katika habari hizo. Mikono ya Trudgen ilikuwa tayari imekwisha pita juu ya maji tangu mwaka 1873. Kilichosalia kutengenezwa kwa miaka karibu 40 kilikuwa miguu. Na waliotoa somo hilo walikuwa watu wa visiwani, waliojifunza tangu utoto majini kwao, bila bwawa wala kitabu.

KAZI TATU ZA MIGUU

Watu wengi hudhani miguu ni injini ya mwogeleaji, kama ilivyo kwa mkimbiaji. Sivyo. Katika mtindo huru, mikono ndiyo inayovuta sehemu kubwa ya mwendo. Makadirio ya wataalamu hayafanani, kwa sababu mtu wa mbio fupi hutumia miguu kuliko mtu wa masafa marefu, lakini vipimo kadhaa vimeweka mchango wa miguu karibu na sehemu moja tu kwa kumi ya mwendo wote. Kwa nini basi tuhangaike nayo?

Kazi ya kwanza, nayo ndiyo kubwa, ni kuuweka mwili sawa juu ya maji. Kifua cha binadamu kina mapafu yaliyojaa hewa, kwa hiyo huelea. Miguu ina mifupa na misuli mizito, kwa hiyo huzama. Mwili wa mtu majini ni kama mti wa mizani uliowekewa mzigo upande mmoja tu. Miguu ikizama, mtu hukata maji kwa tumbo na mapaja, kama anayesukuma mlango mbele yake. Tena upinzani wa maji hauongezeki kidogo kidogo: mwendo ukiwa maradufu, upinzani huwa karibu mara nne. Mapigo madogo ya miguu huinua nyonga na kuulaza mwili kama mtumbwi, na mtumbwi uliolala vizuri husukumwa na kasia dogo.

Kazi ya pili ni kuleta uwiano. Mwogeleaji mzuri hujiviringisha kidogo upande huu na upande huu kila mkono unapovuta. Bila ya miguu, kiwiliwili kingeyumba kama baiskeli iliyopakiwa ndizi upande mmoja. Pigo la mguu hujibu pigo la mkono na kuurudisha mwili katika njia yake.

Kazi ya tatu ndiyo kusukuma mbele. Hii ni kubwa kwa mwogeleaji wa mita 50, na ni ndogo kwa yule wa mita 1,500.

Sasa gharama yake. Misuli ya mapaja na makalio ni mikubwa kuliko misuli mingine yote ya mwili, nayo ikifanya kazi kwa nguvu zote hudai oksijeni nyingi kuliko mikono. Ndiyo maana mtoto anayepiga miguu kwa ghadhabu huishiwa pumzi kabla mikono yake haijachoka. Amelipa bei kubwa kwa huduma ndogo. Mama mwuza nyanya hahitaji kufundishwa hesabu hiyo.

SOMO LA SYDNEY

Wako watakaosema kwamba mtu mwenye moyo thabiti atafika tu. Mwezi wa Septemba mwaka 2000, mjini Sydney, dunia nzima iliona moyo thabiti ukipigana na miguu inayozama. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliingia kuogelea mita 100 za mtindo huru katika Michezo ya Olimpiki, kwa nafasi iliyotolewa kwa nchi zisizo na vifaa vya mchezo huo. Alikuwa amejifunza kwa miezi michache tu, katika bwawa dogo la hoteli, wala hajapata kuliona bwawa la mita 50 kabla ya kusafiri. Wenzake wawili wa kundi lake waliondolewa kwa kuruka kabla ya ishara. Akabaki peke yake.

Mita 50 za kwanza alikwenda vema. Aliporudi, nguvu zikamwishia. Miguu ikashuka, kichwa kikapanda, na mikono ikawa inapiga maji pasipo kusogea. Watazamaji waliogopa kwamba atazama mbele yao, kisha wakasimama wote kumshangilia mpaka akaushika ukuta. Alitumia dakika 1 na sekunde 52.72. Mshindi wa fainali, Pieter van den Hoogenband wa Uholanzi, alitumia sekunde 48.30.

Hakuna haja ya kumcheka Moussambani. Alifanya kazi ya kiume, na baadaye akawa kocha wa waogeleaji wa nchi yake. Lakini ukitazama mita zile za mwisho utaona jambo lile lile linalompata mtoto wa Awindiri bwawani siku ya Jumamosi. Hakupungukiwa ujasiri. Alipungukiwa miezi ya kujifunza kuilaza miguu juu ya maji kwa gharama ndogo.

PIGO ZURI LIKOJE

Pigo zuri huanzia nyongani. Paja hutangulia, goti hulegea kidogo, ugoko hufuata, na wayo humalizia kama ncha ya mjeledi. Mtoto anayekunja goti sana, kama mtu anayeendesha baiskeli, husukuma maji mbele kwa paja lake na kujizuia mwenyewe. Na yule anayekaza mguu mzima kama mti wa fagio hupata uchovu wa nyonga bila faida.

Mfano rahisi wa kumpa mtoto ni huu. Mwambie ajifanye amevaa ndala iliyolegea na anataka kuitupa mguuni bila kuigusa kwa mkono. Ule mrusho mwepesi, unaoanzia juu na kuishia vidoleni, ndio pigo lenyewe.

Kifundo cha mguu ndicho chenye siri. Wayo unaolala na kunyooka nyuma hugeuka kuwa kama pezi la samaki. Wayo uliosimama wima, vidole vikielekea chini ya bwawa, ni breki. Watu waliozoea kutembea na kukimbia sana mara nyingi huwa na vifundo vikavu. Hata mkimbiaji hodari, akipewa kibao ashike mbele na aambiwe apige miguu tu, huweza kubaki pale pale au hata kurudi nyuma, huku watoto wadogo wakimpita. Tiba yake haina gharama: kila jioni akae mkekani juu ya visigino vyake, nyayo zikiwa zimelala chali nyuma yake, kwa dakika moja au mbili, bila kujilazimisha hadi maumivu. Baada ya majuma kadhaa vifundo huanza kulegea.

Upana wa pigo uwe mdogo. Miguu isiachane sana. Kiasi cha shibiri moja na nusu hadi mbili chatosha kwa mtu mzima, na pungufu yake kwa mtoto. Visigino viguse uso wa maji na kufanya yachemke kidogo kama uji ulioiva. Maji yakiruka juu hadi kwenye viti vya wazazi, jueni kwamba miguu inapiga hewa, na hewa haimsukumi mtu.

MAPIGO MANGAPI

Waogeleaji huhesabu mapigo ya miguu kwa kila mzunguko wa mikono miwili. Yako mapigo sita, yako manne, na yako mawili.

Mapigo sita ni ya mbio fupi. Kwa kila mkono mmoja miguu hupiga mara tatu. Mwendo huwa mkubwa na mwili hukaa juu sana, lakini gharama ni kubwa, na ni waliofanya mazoezi ya miaka mingi wanaoweza kuyadumisha kwa masafa marefu.

Mapigo mawili ni ya safari ndefu. Kila mkono una pigo moja tu, na hilo huenda kinyume cha mkono: mkono wa kulia unapoingia majini mbele, mguu wa kushoto hupiga chini, mkono wa kushoto unapoingia, mguu wa kulia hupiga. Ni utaratibu ule ule wa kutembea barabarani, ambapo mkono wa kulia huenda mbele pamoja na mguu wa kushoto. Waogeleaji wengi wa masafa marefu hutumia njia hii kuhifadhi nguvu, kisha huongeza mapigo wanapokaribia mwisho.

Mapigo manne yako katikati ya hayo mawili, nayo aghalabu humjia mtu yenyewe.

Mtoto anayeanza asisumbuliwe na hesabu hizi. Kwanza apige miguu mfululizo, kwa wepesi, mwili ulale. Hesabu itakuja baada ya pumzi kutulia. Namtaja hapa tu ili mzazi anaposikia kocha akisema "sita" au "mawili" asidhani ni bei.

RATIBA YA MAZOEZI

Yafuatayo yanatosha kwa majuma manane ya mwanzo, ikiwa mtoto huenda bwawani mara moja au mbili kwa juma. Kila zoezi lifanywe katika maji yasiyozidi kifua cha mtoto, na awepo mtu mzima ajuaye kuogelea, macho yake yakiwa kwa mtoto wala si kwenye simu.

Juma la kwanza na la pili, mtoto aketi ukingoni, miguu ikiwa majini, apige kwa vipindi vya nusu dakika huku akitazama miguu yake mwenyewe. Kisha alale kifudifudi akishika ukingo, mikono imenyooka, na apige tena. Mwalimu amshike kifundo kimoja na kumwonyesha jinsi ya kukilegeza.

Juma la tatu na la nne, ajifunze kuteleza. Asukume ukuta kwa nyayo, anyooshe mikono mbele, uso uwe ndani ya maji akitazama chini, na ateleze mpaka atakaposimama mwenyewe. Kisha aongeze mapigo mepesi. Hapa ndipo mtoto anapogundua kwamba kichwa kikipanda, miguu hushuka. Na kichwa kikilala, miguu hupanda. Ni sheria ya mizani, wala haibadiliki kwa kupigiwa kelele.

Juma la tano na la sita, atumie kibao cha kuogelea. Kisipopatikana, jerikeni tupu ya lita tano iliyofungwa kizibo barabara yaweza kutumika katika maji mafupi, lakini ieleweke kwamba hicho ni chombo cha kujifunzia tu, si cha kuokolea maisha. Avuke bwawa mara nne, akipumzika nusu dakika kila safari. Kibao kina hila yake: humfanya mtoto ainue kichwa na kuvunja kiuno. Kwa hiyo kila akimaliza safari mbili za kibao, afanye safari moja chali, mikono ikiwa kando ya mwili, akipiga miguu na kutazama mbingu.

Juma la saba na la nane, aunganishe miguu na mikono, kwa masafa mafupi, na kuvuta pumzi kwa kugeuza uso kando badala ya kuuinua mbele. Akichoka asimame. Mita nane nzuri zina faida kuliko mita 25 za kutapatapa, kwa sababu mwili hukumbuka kila ulichofanya, kizuri na kibaya.

Mazoezi ya miguu peke yake yasizidi robo ya muda wote wa bwawani. Katika nusu saa, dakika saba zatosha. Misuli ya nyayo au ya shavu la mguu ikibanwa, atoke, anyooshe mguu, avute vidole kuelekea kwake, na anywe maji. Na michezo ya kushindana nani atakaa chini ya maji bila kupumua ipigwe marufuku kabisa. Mtu huweza kuzimia humo kimya kimya bila ya dalili yoyote.

TUSIWASAHAU WASICHANA

Nimeona kwamba watoto wanaopelekwa bwawani hapa mjini ni wavulana wengi kuliko wasichana. Wazazi wengine huona haya kwa sababu ya mavazi. Lakini suruali ndefu inayobana na fulana yenye mikono humfunika msichana vizuri, na hayo ni mambo ya kuzungumza na mwenye bwawa kabla ya kulipa. Wanaodhani kuogelea hakuwahusu wasichana wakumbuke kwamba Kirabo Namutebi aliiwakilisha Uganda katika mita 50 za mtindo huru kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, akiwa bado wa umri wa shule; na Gloria Muzito akaogelea mita 100 za mtindo huru huko Paris mwaka 2024. Tena msichana ndiye anayetumwa mtoni kuchota maji na kufua nguo. Kama kuna mtu katika nyumba anayestahili kujua maji, ni yeye.

BWAWA NI SHULE, MTO SI SHULE

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko medali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na wengi wao ni watoto na vijana. Sisi wa West Nile hatuko mbali na hesabu hiyo. Ziwa Albert humwaga maji yake katika mto upitao Pakwach, Rhino Camp, Obongi na Laropi, na katika ziwa hilo hilo mnamo tarehe 22 Machi 2014 mashua iliyojaa wakimbizi waliokuwa wakirejea kwao Kongo ilipinduka na kuua zaidi ya watu 100. Wengi wetu tunao ndugu ng'ambo ya maji, na huvuka kwa mitumbwi.

Kwa hiyo mtoto wa Awindiri hajifunzi kupiga miguu kwa ajili ya Olimpiki tu. Anajifunza ili siku mtumbwi ukipinduka asiwe yule mfa maji wa methali. Mtu aliyeingiwa na hofu husimama wima majini, mikono ikipiga huku na huku, miguu ikipanda ngazi isiyokuwepo. Hawezi kudumu muda mrefu. Mtu aliyefundishwa hulala chali, masikio yakiwa majini, kidevu juu, na kupiga miguu kwa upole kama mtoto anayecheza kitandani. Pigo lile dogo lililofundishwa bwawani ndilo linaloweka pua yake juu ya maji mpaka msaada ufike. Katika maji yaendayo kasi, atangulize miguu kule maji yanakokwenda, ili ikikutana na jiwe au gogo iwe ni nyayo, si kichwa.

Hata hivyo, kujua kuogelea si ruhusa ya kuogelea popote. Mto wetu Enyau huonekana mpole wakati wa kiangazi, lakini mvua ikinyesha milimani hubadilika kwa muda mfupi. Kwenye Nile wako mamba na viboko, ambao hawaulizi mtu anapiga mapigo sita au mawili. Pia kuna kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi. Mtoto aliyeoga katika maji ya namna hiyo, hasa akiona damu katika mkojo au choo, apelekwe zahanati apimwe. Dawa yake ipo. Na kila apandaye mtumbwi, ajue kuogelea asijue, avae jaketi la kuokolea. Mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea.

MANENO YA KUMWAMBIA MWALIMU

Kwa mama aliyeuliza, na kwa wazazi wengine walio katika hali yake, nashauri wasimwachishe mtoto. Waende kwa yule kijana anayefundisha, na kwa heshima wamwombe mambo matatu. Kwanza, asiseme tena "kwa nguvu zote," bali aseme "laini na haraka." Pili, ampe mtoto nafasi ya kuteleza uso ukiwa majini kabla ya kumtaka avuke bwawa. Tatu, kila somo limalizike kwa dakika tano za kuelea chali na kupiga miguu polepole. Mwalimu mwema hatachukia. Wengi wa vijana hawa walijifunza wenyewe bila kufundishwa na mtu, na wanarudia tu kelele walizozisikia.

Mzazi naye ana kipimo chake, ambacho hakihitaji saa wala cheti. Atege sikio kando ya bwawa. Miguu inayopiga vibaya hulia kama mtu anayefua blanketi juu ya jiwe. Miguu inayopiga vizuri hutoa mngurumo mdogo usiokatika, kama sufuria iliyofunikwa ikichemka jikoni. Siku atakaposikia sauti hiyo ya pili, ajue ada yake imeanza kuzaa.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumza juu ya kuvuta pumzi majini: lini, upande gani, na kwa nini mtoto anayeinua kichwa hunywa maji mengi kuliko yule anayekigeuza.